Chumba Kabla ya Maikrofoni: Maandalizi ya Studio Ndogo ya Nyumbani kwa Ajili ya Kurekodi Ushairi na Fasihi Simulizi

Utangulizi

Nyumba njema si mlango, walinena wahenga. Methali hii inaafiki barabara hali ya studio za kurekodia sauti. Vijana wengi wanaonuia kurekodi mashairi, ngano au michezo ya redio huanza kwa kununua maikrofoni ya bei ghali, wakaiweka katika chumba chenye kuta tupu, kisha wakashangaa kusikia sauti inayofanana na ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Lawama huelekezwa kwa maikrofoni, ilhali aghalabu kosa ni la chumba. Maikrofoni haina hiari ya kuchagua. Hunasa sauti ya msemaji pamoja na sauti inayorudishwa na kuta zinazomzunguka, na kadiri inavyokuwa bora ndivyo inavyozinasa zote mbili kwa uaminifu zaidi.

Makala haya yananuia kufafanua jinsi chumba cha kawaida cha kulala kinavyoweza kugeuzwa kuwa studio ndogo inayofaa kurekodia sauti ya binadamu. Msimamo unaoshikiliwa ni kwamba chumba ndicho kifaa cha kwanza cha studio, na kwamba shilingi ya kwanza yafaa iende ukutani kabla ya kwenda dukani kununua maikrofoni.

Umuhimu wa Suala Hili kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Thomas Edison alibuni mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa vichwani mwa watu, zikaandikwa, na hatimaye zikachapishwa kwa jina la Diwani ya Muyaka mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Maneno yake tunayo. Sauti yake hatuna, wala hatutaipata kamwe. Kwa upande mwingine, Siti binti Saad wa Zanzibar alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili nyimbo zake zirekodiwe katika santuri. Siku hizi safari kama hiyo haihitajiki. Tarakilishi ya kawaida, maikrofoni moja, kifaa cha kugeuza umeme wa maikrofoni kuwa tarakimu, na programu isiyolipiwa kama Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, vinatosha kumrekodi fanani nyumbani.

Hata hivyo, wepesi huu una hatari yake. Kelele ndogo ya feni inaweza kupunguzwa baada ya kurekodi, lakini mwangwi uliokwisha kuchanganyika na sauti ni mgumu mno kuondolewa bila kuiharibu sauti yenyewe. Endapo fanani ni mzee wa miaka themanini, huenda fursa ya kumrekodi isijirudie.

Zaidi ya hayo, lugha yenyewe inadai usikivu. Katika Kimvita, kwa mfano, mpumuo hutofautisha maana. Neno paa la kurejelea sehemu ya juu ya nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa, yule mnyama wa porini, hutamkwa kwa mpumuo. Kadhalika, kaa la moto na kaa wa baharini hutofautishwa kwa njia iyo hiyo. Tofauti hii ni pumzi ndogo inayodumu sehemu chache sana za sekunde. Katika chumba chenye mwangwi mwingi, mkia wa silabi iliyotangulia huifunika pumzi hiyo, na mtafiti atakayeisikiliza kanda hiyo baadaye atakuwa akibahatisha.

Kuzuia Sauti na Kutuliza Chumba

Kuna kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuzuia sauti ya nje isiingie ndani, au ya ndani isitoke nje. Ya pili ni kuituliza sauti iliyomo chumbani ili isirudishwerudishwe na kuta. Kazi hizi hutumia nyenzo tofauti kabisa.

Kuzuia sauti kunahitaji uzito na kuziba nyufa. Ukuta wa mawe huzuia sauti kwa sababu ni mzito. Kinadharia, kila uzito wa ukuta unapoongezwa maradufu, ukuta huo huongeza uwezo wake wa kuzuia sauti kwa desibeli 6 hivi. Lakini uzito huo haufai kitu ikiwa kuna upenyo. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hupitisha sauti nyingi kiasi kwamba ukuta mzima, hata ungekuwa mzito namna gani, hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Ndiyo maana nafasi iliyo chini ya mlango na madirisha ya vioo vya kupandana yasiyofunga sawasawa huvuruga kazi zaidi kuliko ukuta wenyewe. Kuiziba nafasi ya mlango kwa ukanda wa mpira ni kazi ya nusu saa, na faida yake husikika papo hapo.

Mabati ni tatizo la aina yake. Ni mepesi, na mvua ikinyesha hugeuka kuwa ngoma. Dari ya mbao husaidia kidogo, lakini mvua kubwa haishindiki kwa gharama ndogo. Suluhisho la busara ni ratiba. Chumba kilicho mbali zaidi na barabara huchaguliwa, na kazi hufanywa saa ambazo magari, majirani na majogoo wametulia. Ukimya wa saa nne usiku ni nyenzo isiyouzwa dukani.

Kutuliza chumba, kwa upande wake, kunahitaji vitu vyepesi vyenye matundu madogo madogo, ambamo hewa inayotetemeka hupenya na kupoteza nguvu zake kwa msuguano. Kwa hiyo, blanketi linaloning'inizwa ukutani linaweza kupunguza mwangwi, lakini halitamzuia jirani kusikia wala mbwa wake kusikika.

Tabia ya Sauti Ndani ya Chumba Kidogo

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Mwendo huo ukigawanywa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, urefu wa wimbi hupatikana. Sauti nzito ya mitetemo 100 ina wimbi la mita 3.43, sauti ya mitetemo 1,000 ina wimbi la sentimita 34, na ile kali ya mitetemo 10,000, kama iliyomo ndani ya s, ina wimbi la sentimita 3.4 tu. Tofauti hii ya urefu ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata.

Chukua mfano wa chumba chenye urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Wimbi ambalo nusu yake inalingana na umbali baina ya kuta mbili hujikuta likirudi na kujiongezea nguvu lenyewe. Katika chumba hiki, jambo hilo hutokea kwenye mitetemo ya takriban 48, 57 na 64 kwa sekunde, na tena maradufu yake, yaani 95, 114 na 127. Namba hizi tatu za mwisho zimo katika eneo ambamo sauti ya mwanamume mzima hukaa anapozungumza. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya silabi zitavuma kwa kishindo na nyingine zitanywea, ilhali msemaji hakubadilisha chochote. Chumba chenye pande zote sawa, mathalani mita 3 kwa 3 kwa 3, ni kibaya zaidi, kwa kuwa mivumo ya pande zote tatu hukutana mahali pamoja. Anayeweza kuchagua chumba na achague kisicho mraba.

Hesabu ya Mwangwi

Katika makala haya, neno mwangwi limetumiwa kwa maana ya sauti inayoendelea kusikika chumbani baada ya chanzo chake kunyamaza. Aliyeuwekea mwangwi hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi hawakuweza kumwelewa mhadhiri ndani yake, kwa kuwa neno moja liliendelea kusikika kwa takriban sekunde 5.5. Sabine alifanya majaribio yake usiku, akitumia filimbi ya kinanda, saa, na mito ya viti aliyoihamisha kutoka ukumbi mwingine. Aligundua kwamba muda wa mwangwi hutegemea mambo mawili, yaani ujazo wa chumba na kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti. Kanuni yake ni kwamba 0.161 huzidishwa kwa ujazo wa chumba katika mita za ujazo, kisha jawabu hugawanywa kwa jumla ya ufyonzaji katika mita za mraba. Mita moja ya mraba ya ufyonzaji kamili ni sawa na dirisha la mita moja ya mraba lililo wazi, kwani sauti inayopita dirishani hairudi.

Kanuni hii hupungua usahihi katika vyumba vidogo, lakini inatosha kwa makadirio. Chumba kilichotajwa awali kina ujazo wa takriban mita 29 na jumla ya eneo la kuta, sakafu na dari la takriban mita 57 za mraba. Ikiwa pande zote ni plasta na saruji, zinazofyonza kiasi cha asilimia 3 tu ya sauti, jumla ya ufyonzaji ni mita 1.7. Mwangwi utakuwa wa karibu sekunde 2.7.

Hebu ichukuliwe kwamba msomaji anaghani shairi la tarbia lenye mizani 16 katika kila mshororo, akitamka silabi 4 kwa sekunde. Atakapofika kwenye kina cha kati, yaani mizani ya 8, sekunde 2 zitakuwa zimepita na silabi ya kwanza itakuwa bado haijazimika. Masikio yatasikia vina na mizani vikiwa vimerundikana kama nguo kapuni. Sauti ya kusema inahitaji mwangwi wa sekunde 0.3 hadi 0.4 hivi. Ili kufikia sekunde 0.4, chumba hicho kinahitaji ufyonzaji wa jumla ya karibu mita 12 za mraba.

Nyenzo za Kutulizia Chumba

Habari njema ni kwamba sehemu ya ufyonzaji huo imo nyumbani tayari. Kitanda chenye godoro nene, zulia, pazia zito lenye mikunjo na kabati la nguo lililoachwa wazi vinaweza kwa pamoja kuchangia mita 3 au 4. Rafu iliyojaa vitabu vya ukubwa mbalimbali husaidia pia kuitawanya sauti isirudi kwa mkupuo mmoja.

Pengo linalosalia hujazwa kwa paneli. Paneli bora hutengenezwa kwa sufi ya mawe, ile inayotumiwa kuzuia joto katika majengo na viwandani. Seremala huunda fremu ya mbao yenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 10. Sufi hujazwa ndani, na fremu hufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Leso kuukuu inafaa kabisa. Kipimo chepesi ni kukipuliza kitambaa kwa mdomo. Pumzi ikipita upande wa pili, sauti nayo itapita. Anayeikata sufi hiyo hana budi kuvaa glavu na kuziba pua na mdomo, kwa kuwa nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Paneli 9 au 10 za namna hiyo zitakamilisha hesabu ya chumba kilichotolewa mfano.

Unene ni jambo la lazima. Hewa iliyo karibu kabisa na ukuta haisogei, na kitu kinachofyonza kwa msuguano hakiwezi kufanya kazi pasipo mwendo. Mwendo huwa mkubwa zaidi kwenye umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa hiyo, paneli ya sentimita 10 ikitengwa na ukuta kwa nafasi ya sentimita nyingine 10, uso wake hufikia robo ya wimbi la mitetemo 430 hivi, nayo huendelea kusaidia kwa kiasi chini ya hapo. Nafasi hiyo tupu ni bure, lakini hufanya kazi.

Hapa ndipo dhana potovu ya trei za mayai inapostahili kuondolewa. Trei ni karatasi nyembamba. Huvuruga kidogo sauti kali na kuziacha zile za kati na nzito zikivuma kama kawaida. Chumba kilichobandikwa trei husikika kikiwa kizito na chenye kiza, si kilichotulia. Isitoshe, trei hushika moto upesi. Sponji la godoro nalo, ijapokuwa hufyonza sauti likiwa nene, ni hatari likitandazwa kwenye kuta zote, kwani huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Mwezi Februari mwaka 2003, watu 100 walipoteza maisha katika ukumbi wa burudani wa The Station, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, baada ya fataki kuwasha sponji lililobandikwa ukutani. Janga la aina hiyo lilitokea tena Santa Maria, Brazili, mwezi Januari mwaka 2013, likaua watu 242. Studio ya nyumbani ina nyaya za umeme, mlango mmoja, na pengine mishumaa stima zinapopotea. Sufi ya mawe haiwaki. Hiyo pekee ni sababu tosha ya kuichagua.

Mpangilio wa Paneli, Maikrofoni na Msemaji

Paneli hazihitajiki kila mahali. Maikrofoni nyingi za kurekodia sauti ya mtu husikia kwa umbo la moyo, yaani hupokea zaidi ya mbele na kupuuza ya nyuma. Maikrofoni inapomkabili msemaji, huwa inaukabili pia ukuta ulio nyuma yake. Kwa sababu hiyo, paneli za kwanza huwekwa nyuma ya msemaji, kisha kando yake, kisha juu yake kwenye dari. Pembe za chumba hufuata, kwa kuwa sauti nzito hujikusanya humo. Kuta mbili zinazotazamana zisiachwe zote zikiwa tupu. Kofi moja likipigwa katikati yake, mlio wa haraka kama wa waya unaotetemeka utafichua kasoro hiyo.

Msemaji asisimame katikati kabisa ya chumba wala pembeni kabisa. Mdomo wake uwe umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa maikrofoni. Umbali huo ukiongezwa maradufu, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Kusogea karibu, basi, ni njia nyingine ya kukituliza chumba bila gharama. Ukaribu huo huleta tatizo la vishindo vya p na b, hasa kwa wasemaji wa lahaja zenye mpumuo. Chujio la pumzi hutengenezwa kwa soksi nyembamba ya kike iliyotandazwa juu ya kitanzi cha waya, likawekwa baina ya mdomo na maikrofoni. Maikrofoni yenyewe iwekwe kando kidogo ya njia ya pumzi. Hivyo mpumuo utasikika bila kulipuka.

Karatasi za shairi zisishikwe mkononi wala kulazwa mezani mbele ya maikrofoni, kwa kuwa uso wa meza huirudisha sauti. Ziwekwe kwenye kiegemeo kilichofunikwa kitambaa. Feni izimwe, na simu zitolewe chumbani.

Kurekodi na Kuhifadhi

Sauti hurekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na kina cha biti 24. Vilele vya sauti viachwe karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, ili fanani akipaza sauti ghafla isikwaruze. Kwa maikrofoni moja, saa moja ya kurekodi huchukua takriban megabaiti 518. Nakala asilia isibanwe kuwa faili ndogo. Nakala za kubanwa zitolewe baadaye kwa ajili ya kusambazwa. Sekunde 30 za ukimya wa chumba zirekodiwe kabla ya kila kikao, kwa kuwa humwonyesha mrekodi kelele ambazo masikio yake yalikwisha kuzizoea. Nakala mbili zihifadhiwe katika majengo mawili tofauti. Jina la fanani, mahali, tarehe na idhini yake viandikwe papo hapo, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Ikumbukwe pia kwamba si kila fanani anaweza kuletwa studioni. Kanuni zile zile huandamana na mtafiti hadi nyanjani. Chumba chenye kitanda na nguo hushinda sebule ya saruji, na kivuli cha mwembe hushinda vyote viwili siku isiyo na upepo, kwa kuwa mti hauna kuta.

Hitimisho

Imebainika kwamba ubora wa sauti iliyorekodiwa hutegemea kwanza ukimya na utulivu wa chumba, pili umbali wa mdomo, na tatu ndipo bei ya maikrofoni. Chama cha wanafunzi chenye akiba ndogo kinaweza kuanza kwa chumba kisicho mraba, ukanda wa mpira mlangoni, zulia, na paneli nne nyuma ya msemaji, kikaongeza nyingine kadiri hali inavyoruhusu. Maikrofoni inaweza kuazimwa kwa siku moja na kurudishwa. Wazee wanaojua tenzi kwa moyo hawaazimwi, na kila mwaka idadi yao inapungua. Kazi ya kuandaa chumba yafaa iwe imekamilika kabla hawajaalikwa kuketi.